Bukari Isianguke

Juma lililopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha montage, tunapokata na kuunga filamu, nikatia sahihi mahali nilipoonyeshwa, na yule dada wa ofisini akaniuliza kama nimebakiza kitu kabatini. Nikamjibu kwamba nimebakiza koti la mvua na nusu pakiti ya majani ya chai. Grâce, ambaye sasa ndiye anayeongoza karakana yetu ya filamu, alisikia. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

"Maman Léontine, koti tutakuletea. Lakini utuandikie. Namna mulianzaka. Sisi tunaona tu filamu, hatujue zilitokaka wapi."

Basi ninaandika, kwa Grâce na wenzake. Ninaandika Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa na masista Lubumbashi, lakini watu wakisema nitawaacha waseme kama walivyosema. Habari za vyeo sitazigusa. Nilibadilishiwa jina la kazi mara kadhaa, na kila mara nilikuta viti ni vilevile na mimi ndiye wa kuvipanga.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika nyumba ya utamaduni pale Ixelles, mjini Brussels, hatua chache kutoka Galerie, ule ujia wenye paa wa maduka na saluni za Wakongo. Lubumbashi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwisho wa mwaka nilikuwa nikitayarisha mchezo wa kuigiza wa watoto. Brussels nilikuwa nimekwisha kufanya kazi nyingine ambazo hazikuhitaji uigizaji, isipokuwa ule wa kujifanya mgongo hauumi. Nyumba ya utamaduni ilitafuta mtu wa kupokea wageni Jumatano mchana, siku ya sinema ya bure. Nikapokelewa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fernand. Alikuwa mzee wa Brussels, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye masharubu meupe na makoti mawili, la ndani na la nje, yote rangi ya vumbi. Yeye ndiye aliyeendesha projekta. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Madame, usiguse kitu chochote chenye joto," na hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na umeme ulikuwa umekatika upande mmoja wa Galerie. Mashine za kukaushia nywele zilizimika, saluni zikawa baridi, na wasusi wakaja kwetu pamoja na wateja wao kutafuta joto. Wengine walikuwa wamesukwa upande mmoja tu. Waliketi mbele, wakaendelea kusukana.

Fernand alionyesha filamu ya Kimarekani ya zamani sana, filamu bubu, ya mtu mwembamba aliyetaka kumrudishia bibi mmoja mwavuli wake huku upepo haukubali. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Wasusi walinigeukia. "Maman, anasema nini?" Nikaanza kuwaeleza kwa Kiswahili, na kwa wale wa Kinshasa nikaongeza Lingala yangu ya kuombea maji. Mwanzoni nilitafsiri yaliyoandikwa. Halafu maandishi yakawa machache na mimi nikaona watu wameshanizoea, basi nikaendelea tu. Nikampa yule mtu sauti. Nikampa bibi sauti. Ukumbi ukacheka mpaka vitana vikaanguka.

Fernand hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini filamu ile aliijua pumzi kwa pumzi, na alisikia watu wanacheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Akasimamisha projekta. Taa zikawaka.

"Madame Léontine, unawaambia nini?"

"Yaliyoandikwa, Monsieur Fernand."

"Hapo hapajaandikwa kitu. Hapo mtu anavuka barabara."

Msusi mmoja alinijibia, kwa Kifaransa safi, kwamba yule mtu anavuka barabara kwa sababu amemwona mama mkwe wake anakuja.

Fernand alifikiri. "Katika filamu hii hakuna mama mkwe."

"Sasa yuko," msusi akasema.

Watu walipoondoka nilingoja kuambiwa nisirudi. Fernand alikuwa anarudisha filamu kwenye kopo lake. Alisema, "Umewachekesha, vizuri sana. Lakini wamecheka mdomo wako. Jumatano ijayo funga mdomo, uligeuzie pazia la sinema mgongo, uangalie watu."

Nikafanya hivyo. Miezi yangu ya kwanza kazini sikutazama filamu, nilitazama nyuso. Nilisimama pembeni mwa pazia, mwanga unawapiga watu usoni, na nikajifunza kwamba kicheko hakianzi mdomoni. Kinaanza machoni, mtu anapoona jambo ambalo yule wa kwenye filamu bado hajaliona. Hapo ndipo fundi anapofanya kazi. Baada ya hapo ni kelele tu, nayo inajifanya yenyewe.

Filamu nyingi alizopenda Fernand zilikuwa za mtu mmoja, mtungaji na mwongozaji wa vichekesho vya Marekani enzi zile filamu hazijapata sauti. Jina lake hatukulijua. Kila filamu yake iliyotufikia ilikuwa imekatika pale mwanzoni, mahali majina yanapoandikwa, kwa sababu mwanzo wa filamu ndio unaoshikwa na kila mkono. Fernand alimwita Monsieur Sans-Début, na wasusi wakamwita Bwana Bila Mwanzo. Fernand alimtambua kwa kazi yake, kama vile unavyomtambua fundi cherehani kwa mshono. Kamera yake ilisimama mbali, miguu ya watu ionekane. Mtu wake alitaka kitu kimoja kidogo, kurudisha mwavuli au kufika harusini na viatu vikavu, na hakuwa na adui, alikuwa na dunia tu. Fernand alikuwa amesoma katika magazeti ya zamani jinsi mafundi wa namna ile walivyofanya kazi. Walitoka kwenye majukwaa madogo ya vichekesho, wakaenda magharibi kwenye jua, wakatunga asubuhi na kupiga picha mchana, na jioni mbwa wa filamu akapewa chakula kabla yao. Filamu zilipoanza kusema, wengi wao walibaki bila kazi. Nilimuuliza Fernand kama anamwonea huruma Bwana Bila Mwanzo.

"Hapana," alisema. "Nusu ya Galerie inamcheka kila Jumatano. Mimi natafuta mtu atakayenicheka hata nikiwa hai."

Halafu ikaja kamera. Nyumba ya utamaduni ilinunua kamera ndogo ya video, ya kanda zilizokuwa na ukubwa wa kiberiti, na mkurugenzi wetu akauliza nani anataka kuanzisha karakana. Niliinua mkono kabla sijajua kuiwasha. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi hamwezi kujua betri zile. Wakati wa baridi zilikufa mtu akizitazama tu. Tuliziweka kwapani, moja huku na moja kule, na ndiyo sababu katika picha zote za kazini za miaka ile ninaonekana kama askari aliyesimama kwa heshima. Reli ya kusogezea kamera hatukuwa nayo. Nilitumia kigari cha mtoto. Kigari cha magurudumu makubwa ndicho kizuri, na uweke mfuko wa mchele chini, kisirukeruke.

Waigizaji niliwapata karibu. Papa Donatien alitoka Likasi, alikuwa fundi wa kushona suti, mtu mrefu mwenye uso wa hakimu na miguu ambayo haikuelewana. Maman Adèle alitoka Bukavu. Alifika hapa kama mkimbizi, akawa mtunzaji wa wazee katika nyumba moja ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe, na Jumapili aliongoza kwaya. Wanakwaya walisema hawajawahi kuona meno yake nje ya wimbo. Nilimtaka kwa sababu hiyo.

Filamu yetu ya kwanza niliitunga kwa majuma mengi, na nilijiona mjanja. Wamarekani wa zamani walirushiana keki usoni. Sisi keki si yetu. Basi nikaandika kwamba mume anakuja nyumbani, anasema chakula ni kidogo, na mke anachukua bukari ya moto, ule ugali wetu, sahani nzima, anamtupia usoni. Nilipomsomea Papa Donatien alipiga makofi.

Tulikutana Jumamosi asubuhi nyumbani kwake, katika yale majengo ya ghorofa ya Berchem, kwa sababu jikoni kwake kulikuwa na dirisha kubwa. Maman Adèle alisonga bukari mwenyewe. Yeye aliiita bugali, kama watu wa Kivu, na Papa Donatien alimsahihisha kila mara, naye hakusahihika. Papa Donatien alikuwa amevaa plastiki chini ya shati. Nikawasha kamera. Wakasema maneno yao. Maman Adèle akachukua sahani, akainua, akasimama hivyo. Kisha akairudisha mezani, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Maman Léontine, siwezi."

"Ni filamu tu, maman."

"Najua ni filamu. Bugali haiko filamu. Hii nimeisonga na mikono yangu."

Papa Donatien aliingilia. "Mais Maman Adèle, mi niko prêt! Nilivaa mpaka plastique. Ata kidogo tu, hapa ku shavu."

"Hapana, papa. Sura yako haina kosa. Lakini bugali nayo haina kosa."

Nikazima kamera. Wanakwaya wawili waliokuja kucheza majirani walikwisha kuvaa makoti yao. Niliona kazi ile ya majuma yote inatoka mlangoni. Nilijua anasema kweli, na nilijua pia kwamba sikuwa na filamu nyingine. Mke wa Papa Donatien ndiye aliyetuokoa. Alisema kama haitupwi basi iliwe, haijapoa. Alileta sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki, tukanawa mikono, tukala sote, hata wenye makoti.

Katikati ya kula Maman Adèle akaanza kusema, macho kwenye sahani.

"Wakati tulikuwa tunakimbia, tulipotoka Bukavu, mama mumoja hatukumujua alitupatia bugali. Kipande kimoja tu, kikubwa. Dada yangu mukubwa akasema tusikule sasa, tukule tukifika pa kulala na batoto. Akaifunga ndani ya kitenge, akaibeba. Alors mvua ikanyesha. Ile njia ilikuwa matope, matope! Dada yangu anaanguka. Anaamuka. Anaanguka tena, huku mikono juu, hivi." Akainua mikono yake miwili, vidole vina sombe. "Mapajini matope, mugongoni matope, mpaka ku meno. Lakini bugali, hata tone! Tunamuambia lete tukusaidie, anakataa. Anasema hata muntu akianguka, bugali isianguke."

Na hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi yakatoka, na sisi tulikuwa hatujui kama inaruhusiwa kucheka naye. "Mucheke," alituambia. "Sisi wenyewe tulichekaka. Pale pale ku matope."

Nikanawa mkono. Nilimuuliza kama ananiruhusu kutengeneza filamu na jambo lile.

"Ya vita?"

"Hapana. Ya muntu na bukari yake."

"Bugali," alisema. "Bon. Lakini ule atakayebeba asicheke. Dada yangu hakuchekaka mpaka tulifika."

Tulitunga mezani pale pale, mabakuli yakisogezwa. Mke anapata habari kwamba dada yake mkubwa anafika kwa treni, Gare du Midi, na kwamba hajala bukari tangu aanze safari. Mke hawezi kutoka, anampa mume sufuria ya moto iliyofungwa katika kitenge. Mume anatakiwa kuifikisha. Basi. Kuanzia hapo dunia nzima inamwangukia, naye anaanguka nayo, lakini sufuria haianguki. Wanakwaya walivua makoti.

Tulipiga picha Jumapili kadhaa katika soko la Gare du Midi. Ruhusa tulikuwa nayo ya sokoni tu, ndani ya stesheni hatukuruhusiwa, kwa hiyo treni ya filamu yetu haionekani. Na kwa kuwa filamu ni bubu, haisikiki pia. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuiulizia.

Nilikuwa nimeandika kwamba watu wa soko wanamsukuma, wanamkanyaga, wanamzuia njia. Nilimtuma Papa Donatien katikati ya watu akiwa na suti yake ya harusi na sufuria kifuani, mimi nyuma na kigari cha mtoto, kamera ndani yake imefunikwa blanketi. Hakuna aliyemsukuma. Walimwona mzee mwenye suti na mzigo, wakamfungulia njia. Muuza zeituni aliacha meza yake, akaja kumshika mkono. Mama mmoja wa Kiflemi alimpa kiti chake cha kukunja. Muuza mazulia alimtandikia zulia akanyage, pasiteleze. Papa Donatien aligeuka kunitazama kwa hasira ya kweli.

"Maman Léontine! Hawa bantu ni bazuri sana! Namna gani nitaanguka?"

Na mama mmoja aliyekuwa akinunua viazi aliinama kwenye kigari changu kumtazama mtoto, akaona kioo cha kamera. Alinipongeza hata hivyo.

Tulirudi bila kitu. Nilimweleza Fernand kwa uchungu. Yeye aliona raha tupu. "Kwa nini unapigana nao? Waache wasaidie. Wasaidie wote kwa wakati mmoja."

Jumapili iliyofuata niliwaambia wauzaji ukweli na kuwaomba waendelee kusaidia, lakini kwa bidii zaidi. Mnaijua filamu ile, mmeiona. Yule wa zeituni anamshika mkono wa kulia, mama wa kiti anamkalisha kwa nguvu, wa zulia anamvutia zulia miguuni ili asitembee juu ya majani ya kabichi, na kwa wema huo mtupu mtu anaruka hewani. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuandika tukio zuri kuliko lile, na silo nililoandika.

Tukio la masanduku nalo lilitokana na shida. Papa Donatien alikuwa hawezi kuanguka vizuri, alianguka kama mtu anayetafuta miwani. Tukamficha nyuma ya ukuta wa masanduku ya machungwa, na juu ya ukuta ikawa inaonekana sufuria tu, katika mikono miwili, inakwenda. Inakwenda, inatikisika, inashuka mpaka inapotea. Soko zima linatazama chini. Halafu inapanda, taratibu, kitenge kimefungwa vilevile.

Fernand wakati huo macho yake yalikuwa yanamwacha. Alianza kwa kukosea kopo la filamu, kisha mlango, na tulipomaliza montage alikuwa anaona mwanga na kivuli basi. Projekta alikwisha kunikabidhi. Onyesho la kwanza tuliliweka Jumapili baada ya ibada, ili kwaya ije nzima. Ukumbi ulijaa: watu wa Lubumbashi upande mmoja, watu wa Kivu upande wa pili, wauzaji wa soko wamevaa vizuri mpaka sikuwatambua. Mpiga kinanda wa kwaya alikaa chini ya pazia. Mimi nilikaa nyuma, karibu na Fernand, nikainamia sikio lake nimweleze picha.

"Nyamaza," alisema. "Ninasikiliza."

Sijawahi kuogopa namna ile. Filamu ilianza. Kwaya ilikuwa haijui kama inafaa kumcheka kiongozi wake. Dakika za mwanzo zilikuwa za kukohoa tu. Halafu Maman Adèle wa kwenye pazia akamkabidhi mume sufuria na kumtazama, kwa jicho lile la kwayani, lile analomtupia mtu aliyeimba kabla ya zamu yake, na waimbaji wote wa sauti ya kwanza wakapasuka pamoja. Baada ya hapo haikusimama. Watu wa zeituni walipiga miguu sakafuni. Maman Adèle mwenyewe, aliyekuwa mstari wa mbele, alimpiga Papa Donatien begani kwa kila kitu kilichompata kwenye filamu.

Mwishoni, dada mkubwa alipofungua sufuria na kuwagawia wote waliosaidia, ukumbi ulisimama. Nilipokwisha kusalimiwa na kubusiwa na watu nilirudi kwa Fernand. Alikuwa ameketi palepale, mikono juu ya fimbo.

"Alipokuwa anasaidiwa na yule wa pili," alisema, "umechelewa kukata. Walicheka, wakamaliza, wakajikohoza, ndipo picha ikabadilika."

"Niliupenda uso wake pale."

"Uso upeleke nyumbani. Kwenye filamu, kata." Kisha akanisogelea. "Lakini kuna mahali walicheka kidogo, wakanyamaza wote, halafu wakapasuka. Ulificha kitu. Ulificha nini?"

"Nilificha mtu mzima nyuma ya masanduku ya machungwa. Inaonekana sufuria tu."

Masharubu yalicheza. "Inashuka?"

"Inashuka."

"Mpaka inapotea?"

"Kabisa."

"Halafu?"

"Inapanda."

Akaanza kucheka, peke yake, watu wakiwa wanakunja viti. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, na kila nilipodhani amemaliza alisema, "Inapanda!" na kuanza upya. Mimi nimepewa vyeti viwili vitatu katika kazi hii. Viko nyuma ya kabati, Grâce, kama mnavihitaji.

Kanda ile tuliitia kwenye DVD, na saluni za Galerie zikawa zinaionyesha mchana kutwa, wateja wakikatazwa kutikisa kichwa. Moja ilisafiri mpaka Bukavu, kwa dada yake Maman Adèle. Siku alipopiga simu, Maman Adèle alikuja nayo mbio kazini kwangu, sauti imefunguliwa nisikie. Tulingoja atalia, au atasema nini juu ya siku ile ya matope.

"Ule papa," sauti ikasema kutoka mbali, "anabeba vibaya. Mimi nilibebaka ku kichwa ku mwanzo. Mikononi ilikuwa kisha. Mumuambie."

Papa Donatien aliambiwa. Alikasirika juma zima.

Baada ya hapo tulitengeneza nyingine nyingi, nanyi mlianza kuingia mmoja mmoja. Sitazitaja zote. Kulikuwa na ile ya mchungaji aliyekubali kuigiza mwizi kwa sharti kwamba asiibe. Tulifanya hivyo, na mwizi asiyeiba ndiye aliyewachekesha watu kuliko wote. Filamu zetu zilibaki bubu, kwanza kwa sababu hatukuwa na kinasa sauti kizuri, baadaye kwa sababu tuligundua kwamba katika mji huu, ambamo majina ya barabara yanaandikwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiflemi, ili watu wasigombane, filamu isiyosema inakaribishwa kila mlango. DVD zikafa, simu zikaanza kupiga picha, na Fernand akatuacha, mwaka mmoja wakati wa baridi, akiwa usingizini. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Yeye mwenyewe alikuwa anakata kabla watu hawajaanza kulia.

Namalizia kwa siku yangu ya mwisho ya kupiga picha, majira ya kuchipua yaliyopita. Wengine hamkuwepo.

Tulikuwa katika Galerie, mbele ya saluni, na filamu ilihitaji mtu aanguke. Niliandika aanguke kijana. Papa Donatien, ambaye kwa umri wake alikuwa amekuja kutusalimia tu, alisema hapana, ataanguka yeye. Alikuwa amepasuliwa nyonga. Binti yake, muuguzi, alikuwa amemshika kiwiko.

"Papa, docteur alisema usianguke."

"Alisema nisianguke," Papa Donatien alimjibu. "Hakusema nisishuke."

Walibishana mpaka wateja wakatoka saluni na vichwa vyao vya povu. Maman Adèle aliitwa kwa simu aamue. Aliuliza kama kuna zulia. Likaletwa zulia. Aliuliza kama papa ana akili zake. Hapo hatukukubaliana, lakini binti akaachia kiwiko. Grâce akawa nyuma ya kamera, mimi kando yake, nikasema aanze.

Papa Donatien alikuja akitembea. Mguu ukateleza, kidogo. Akasimama, akautazama, kama mtu anayepewa habari na jirani. Kisha akaanza kuanguka. Sijui niiteje kasi ile. Alivua kofia, akampa msusi. Akavua miwani, akampa mteja. Akafungua kifungo cha koti la suti, lisikunjike. Njiani kwenda chini akamsalimia mtu aliyepita, akamuulizia mke wake, akangoja jibu. Goti moja likafika. Akapumzika hapo, akatazama saa. La pili likafika. Akafuta vumbi kwenye zulia kwa kitambaa, akageuka, akalala chali, akapanga mikono kifuani, na mwisho kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, akarusha miguu juu.

Galerie yote ilikuwa kimya mpaka miguu ile. Halafu ilikuwa kama paa limefunguka. Binti yake alikuwa amekaa chini ukutani, hawezi kusimama. Grâce alinitazama, machozi yakimtoka, aulize kama azime. Nilitakiwa kusema neno moja tu, lile ambalo nimelipwa kulisema miaka yote hii, na halikutoka.

Kutoka sakafuni, bila kusogeza midomo, Papa Donatien aliuliza, "Maman Léontine, umekata?"

"Bado, papa."

"Juu ya nini haukate?"

"Ningali ninacheka."

Akafunga macho vizuri zaidi. "Bon," alisema. "Usiharakishe. Huku chini kuko muzuri."